Chachu ya Mjomba

Tarehe 14 Januari

Kwako Kiroboto, mpwa wangu,

Salamu hizi nakuandikia juu ya meza ya kukandia, kwa hiyo ukiona doa jeupe ujue ni unga, si machozi. U hali gani huko? Baridi imekuachia masikio? Huku mama yako yupo, anashona, na mimi unanijua: ugonjwa ukiniona unavuka barabara.

Kwanza usinune kwamba sikupigii. Simu yangu imekufa kifo cha kishujaa. Ilinidondoka kutoka mfuko wa shati ikazama kwenye donge, mimi nakanda tu sijui, ikaingia oveni. Nakwambia iliita mle ndani! Mkate mzima ukawa unatetemeka kwenye trei. Na mteja mmoja akauchagua huo huo, akasema anataka mkate wenye habari. Basi mpaka nipate nyingine, tutaandikiana kama watu wa zamani.

Pili, kopo lako limefika. Mama yako alilipokea kwa mikono miwili kama anapokea mjukuu. Maelezo uliyoandika ameyafuata neno kwa neno: vijiko viwili kila siku, juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Tunanyunyizia kwenye maharage, kwenye viazi, kwenye wali. Mimi nilionja kwanza, maana mimi ndiye mwonjaji mkuu wa nyumba hii. Si mchezo! Ni kama karanga za kukaanga zimefunga ndoa na jibini. Dada anasema tangu ameacha nyama, maziwa na mayai, hajapata chakula kinachomjibu mdomoni namna hiyo.

Msimamo wake ni ule ule. Tangu lile tumbo lilipomtesa, hali kitu chenye mama. "Nyama ina mama yake," anasema, "maziwa ni ya mama, na yai lina mama anayelitafuta." Nimebishana naye mpaka nimekauka. Ila tangu kopo lifike, ule ulimi uliokuwa mwekundu kama pilipili umepoa, na ule uchovu wa kusinzia juu ya cherehani umepungua. Miguuni anasema bado anasikia sisimizi wanatembea, lakini si wengi kama mwanzo. Labda wamehamia kwa jirani.

Sasa neno moja. Nilipolifungua kopo nikalinusa, nikacheka peke yangu. Kiroboto, umempelekea mwenye shamba mahindi! Hii si hamira hii? Niambie kama nimekosea. Mimi nimekuwa na hamira puani tangu wewe hujaota jino.

Ni mimi mjomba wako, ambaye mikate huvimba kwa kumwogopa.


Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimecheka habari za simu mpaka wenzangu wameniuliza kuna nini. Mama ameniambia uliikalia.

Mimi sijambo. Bado niko jiko la hospitali, namenya karoti mpaka vidole vimekuwa rangi ya machungwa, halafu nasukuma trei za wagonjwa kutoka wodi hadi wodi. Baridi ipo lakini jikoni kuna mvuke, kwa hiyo nusu yangu inaganda na nusu inaiva.

Pua yako haikukosea sana. Ile ni chachu, ndugu ya hamira, ila imekuzwa kwa ajili ya kuliwa, kisha ikauawa kwa joto, ikakaushwa, ikawa vile vipande vyembamba. Ni chakula kizuri, ina protini na vitamini kadhaa, lakini si muujiza. Inakaa pembeni ya sahani. Katikati yabaki maharage, dengu, mboga za majani na matunda. Mimi nilimtumia mama kwa sababu moja. Hapa kuna mtaalamu wa lishe, tunamwita Mama Miwani, na nilimweleza habari za mama. Akaniambia asiyekula kabisa kitu cha mnyama hukosa vitamini moja iitwayo B12, na ikikosekana muda mrefu inadhuru mishipa ya fahamu. Ndiyo akanichagulia kopo lile.

Nakuomba mambo mawili, mjomba. Mpeleke akapimwe, umweleze daktari habari za wale sisimizi. Mimi nikimpigia ananijibu "sijambo" mpaka namkasirikia. La pili, kopo likikaribia kuisha uniambie. Vifurushi vinachelewa siku hizi, nataka nitume mapema asikae hata wiki bila hiyo.

Mpwa wako, Kiroboto.


Tarehe 22 Aprili

Kwako Kiroboto, mwenye vidole vya machungwa,

Marahaba, marahaba sana. Usihesabu kimya changu kuwa ni dharau, kazi ilikuwa juu ya kichwa. Tumepata oveni mpya, na fundi aliyeileta alishindwa kuiwasha. Nikaipulizia mara moja tu mdomoni mwake, ikawaka. Sasa wananiita nipulizie na za mitaa mingine. Wewe unaendeleaje? Afya? Usingizi?

Huku ni furaha tupu, na kaa vizuri nikupe.

Kopo lako liliisha hata kabla barua yako haijafika. Dada alikuwa anaparuza chini kwa kijiko, krr, krr, mpaka meno yananiuma. Nikajisemea: mtu mwenye katoni za hamira stoo ataagizaje chachu ng'ambo? Ni mlevi huyo? Nikamwaga hamira kwenye trei. Nikaitia ovenini mikate ilipotoka, pale moto unapokuwa mpole, nikaigeuza kwa mwiko mpaka ikawa rangi ya dhahabu. Na kwa kuwa ulisema ya kwenu imeuawa, mimi yangu nimeiua mara mbili kwa usalama. Chumvi kidogo, nikajaza kwenye kopo lako lile lile, nikalirudisha kabatini. Kimya! Dada alisema tu, "Ya safari hii imesagika zaidi." Nikamjibu ndiyo mtindo mpya. Anaramba kijiko na kukuombea heri, na mimi nasimama mlangoni naitikia amina.

Na matokeo, we acha tu! Nilimpeleka zahanati kupima presha na damu. Muuguzi akamchoma kidole, akatazama kimashine chake, akasema, "Mama, damu yako imekuwa nzuri kuliko mwaka jana." Nikamwambia muuguzi, "Hiyo damu nimeioka mimi." Mashavu ya mama yako sasa yana rangi. Kwa hiyo usijisumbue na vifurushi. Nafikiria hata kutengeneza makopo yangu, na picha yangu mbele.

Kitu kidogo tu kinachomsumbua ni cherehani. Analalamika kwamba pedeli imelainika, haisikiki chini ya mguu, akikanyaga ni kama anakanyaga sufi. Nimeifungua yote, nimetia mafuta, nimekaza kila skrubu. Bado anasema haisikiki. Vyuma vya siku hizi!

Mjomba wako, tabibu wa oveni.


Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sitaandika mengi ya kujuliana hali, utanisamehe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama stoo, katikati ya magunia ya viazi, na nikalazimika kukaa. Kisha nikampelekea Mama Miwani, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye pedeli alivua miwani.

Nisikilize taratibu. Chachu yenyewe, iwe hamira yako au ile niliyotuma, haina hiyo B12. Kiwandani wanaiongeza, kama wewe ulivyotia chumvi. Ndiyo maana nilitaka kopo lile na si jingine. Uliyompa mama tangu Februari haina. Hata ungeioka kwa ustadi gani, haina.

Na hiyo damu nzuri ndiyo inayonitisha zaidi. Hamira ina vitamini nyingine, folati, ile wanayopewa wajawazito. Hiyo inaitengeneza damu, kwa hiyo mtu anaonekana amepona, mashavu yanapata rangi, muuguzi anafurahi. Lakini mishipa ya fahamu haisaidiki nayo. Inaendelea kufa polepole nyuma ya mashavu mazuri. Pedeli haijalainika, mjomba. Ni nyayo za mama.

Mpeleke hospitali, si zahanati. Umwambie daktari hali nyama, hali maziwa, hali mayai, na kwamba kopo lile lina hamira ya mikate. Kuna sindano zake; kopo jipya peke yake halitoshi tena. Zikiwahi, mishipa hurudi. Zikichelewa, huenda isirudi tena.

Nimejaribu upande wangu. Nimempigia mama nimemweleza. Unajua alivyonijibu? Amecheka! "Mjomba wako? Kopo si hili hapa, lina anwani yako ubavuni? Mjomba wako anaongopa mambo makubwa tu, mwanangu, madogo hayawezi." Anadhani upweke umenichanganya. Basi hatamsikiliza mtu isipokuwa wewe. Mwambie. Tafadhali.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Mei

Kwako mpwa wangu,

Marahaba. Natumai mwili wako hauna hasira kama kalamu yako. Barua ile imenichoma vidole kuliko trei.

Nataka nikuulize: huyo Mama Miwani amewahi kukanda donge? Anaijua hamira inavyopumua alfajiri, inavyonuna ukiipa maji ya moto? Mimi naijua kama mtu anavyomjua mkewe. Watu wamekula mkate wangu mtaa huu mzima, wamezaa, wamesomesha, hakuna aliyekufa nyayo. Na mimi mwenyewe nakula hiyo hiyo, vijiko vitatu. Juzi nilibeba magunia mawili ya unga, moja kila kwapa, na la tatu kwa meno. Mbona mimi sina ganzi?

Najua utasema mimi nala nyama. Nala, ndiyo.

Hospitali nimemtajia. Akasema sindano ni za wagonjwa, yeye ana nguo za watu mezani. Nikamwacha. Kuhusu kumwambia kilichomo kwenye kopo, mpwa wangu, jaribu kunielewa. Kila jioni anakaa na sahani yake, ananyunyiza, anasema, "Mwanangu hajanisahau." Sasa mimi niingie pale niseme nini? Niseme mwanao hajatuma kitu tangu mwaka uanze? Nitafute neno la kuanzia. Nikilipata nitasema.

Nikupe kituko upoe. Juzi mama yako alikwenda dukani kununua uzi. Anarudi, namwona kwa mbali, nikamwuliza, "Dada, ndiyo fasheni mpya hiyo?" Akatazama chini. Mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu! Kandambili imemvuka njiani, na amekuja mguu mtupu juu ya kokoto zote zile, wala hana habari. Nikarudi kuitafuta, nikaikuta mbali kweli kweli, karibu na duka lenyewe. Tulicheka sana. Nikamwambia ana miguu ya kijeshi. Yeye alicheka kunishinda. Halafu akaacha kucheka kabla yangu.

Mjomba wako.


Tarehe 15 Juni

Mjomba,

Umeandika "kituko". Mimi nimelia mbele ya sufuria za supu mpaka msimamizi amenitoa nje.

Mtu asiyesikia kokoto hatasikia msumari. Hatasikia moto. Sina maneno mengine na sina ruhusa ya kusafiri hadi mwaka ujao, nimeomba wamekataa. Huko kwenu kuna wewe tu. Neno la kuanzia nakupa: "Dada, kopo lile nilijaza mimi." Basi. Mengine yatajisema.

Mpwa wako.


Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mama kwenye simu ananiambia mpo salama, unaoka, yeye anashona. Nikamwuliza anashona nini, akaniambia vifungo. Fundi wa magauni, siku hizi anashona vifungo! Nikamwuliza kwa nini, akasema macho yamechoka. Macho.

Kama umenikasirikia, nikasirikie. Lakini niandikie.

Mpwa wako.


Tarehe 11 Agosti

Kwako Kiroboto,

Salamu za leo hazina unga. Naandikia kwenye benchi la nje ya wodi. Mama yako yu hai, anakula, anazungumza. Hilo nimelitanguliza usije ukaruka mistari kulitafuta. Sasa soma taratibu, maana nitakwambia kama ilivyokuwa, sitaongeza wala sitapamba.

Siku ile alikuja karakana kwangu kuniletea aproni aliyonishonea. Nikamwekea kibao karibu na oveni, akakaa. Anapenda pale kwa joto. Nikatoa trei za kwanza, nikaziegemeza chini ukutani zipoe kama siku zote, nikageuka kukanda. Yeye ananisimulia habari za jirani aliyenunua kabati likakataa kupita mlangoni, mpaka wakalaza kabati nje na watu ndani. Anasimulia vizuri, unamjua, anaigiza na sauti. Nikasikia harufu ya mpira. Nikasema, "Dada, kuna kitu kinaungua." Akasema, "Wewe uunguze? Si bingwa?" akaendelea na kabati lake. Halafu harufu ikabadilika, haikuwa mpira tena. Nikageuka. Mguu wake wa kushoto alikuwa ameuegemeza kwenye trei. Umeegemea tu, kama mtu anavyoegemeza mguu kwenye mto. Na anacheka.

Nilimbeba. Hilo si la kujisifu, amekuwa mwepesi.

Hospitali wakamfunga kidonda, kisha akaja daktari kijana mwenye kalamu nyingi mfukoni. Akamgonga magoti kwa kinyundo. Akamwambia, "Mama, fumba macho. Nitashika kidole gumba cha mguu, niambie nimekipeleka juu au chini." Akakipeleka chini. Dada akasema, "Juu." Akakirudisha kikatulia katikati. Dada akasema, "Chini." Daktari akakiachia kabisa, akaondoa mkono wake. Dada, macho yamefumbwa, akasema, "Juu tena," kwa sauti ya mtoto anayetaka kupasi mtihani.

Wakampima sukari, ikawa safi. Daktari akamwuliza anakula nini. Akamtajia yote, na habari za vitu vyenye mama. Yule kijana akatikisa kichwa, akaandika neno kwenye karatasi, akalipigia mstari chini. Nikajua amefika penyewe. Moyo ukanitulia, nikasema sasa sina haja ya kusema kitu.

Lakini dada akafungua mkoba, akatoa kopo. Analibeba kila mahali! "Usidhani sijitunzi, daktari. Binti yangu ananitumia hii kutoka mbali. Kila siku, sijakosa hata moja." Daktari akalizungusha, akasoma ubavuni. "Aa. Kumbe una B12 ya kutosha, mama. Hapa imo zaidi ya unayohitaji. Basi si hiyo, tutafute kwingine." Akachukua kalamu akalikata lile neno.

Niliiona ile kalamu ikipita, Kiroboto. Ilikuwa kama inapita juu ya mguu wa dada yangu.

Nikasema, "Daktari, iliyomo humo nimeitengeneza mimi."

Unajua walifanya nini? Walicheka. Dada akamwambia, "Umsamehe, daktari. Huyu hata jua analitoa yeye asubuhi." Daktari akatabasamu, akaendelea kuandika. Nikasema tena, kwa sauti: "Nimeitengeneza mimi, ovenini kwangu, ni hamira!" Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka, akauliza kama natengeneza na dawa ya upara. Maisha yangu yote nasema uongo watu wananisikiliza kwa midomo wazi, na siku hiyo nina kweli moja tu, hakuna wa kuipokea.

Nikachukua kopo mkononi mwa daktari. Nikaushika mkono wa dada, nikammiminia kiganjani. Nikamwambia, "Sikia kwa vidole. Miguu imekataa, vidole bado ni vya fundi. Ile ya mwanao ilikuwa vipande vyembamba, vinalainika ukivisugua. Hii je?" Akasugua. Akasugua tena kama anavyopima kitambaa dukani. Punje, Kiroboto. Punje ndogo ngumu za hamira. Uso wake ukaacha kucheka kidogo kidogo, kuanzia machoni.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu mwezi wa pili."

Akakung'uta kiganja. Kisha akasema, "Na mtoto aliponiambia, nikamcheka." Daktari akaliandika upya lile neno, akaita muuguzi, sindano ikapigwa pale pale. Atapigwa nyingi, na zitaendelea. Nilimwuliza kama nyayo zitarudi. Akasema nyingine hurudi, nyingine hapana, na kwamba ingekuwa vizuri zaidi kama angeletwa mwanzo. Hakunitazama aliposema hivyo, akawa anafunga kalamu.

Sina utani leo.

Mjomba wako.


Tarehe 2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Natumai umekula na umelala.

Nimeisoma barua yako siku nyingi kabla ya kuweza kuijibu. Siku nyingine nikiisoma nakuchukia, siku nyingine nasikia kopo likimiminwa kiganjani nakuonea huruma. Mama Miwani amesema kama usingefungua mdomo pale, wangehangaika na vipimo vingine miezi, na miezi hiyo mama hakuwa nayo. Nakuandikia hilo kwa sababu ni haki yako. Lakini na Februari mpaka Agosti nayo ni yako.

Nimezungumza na mama. Amelia, nimelia. Kidonda kinafunga. Anasema ndimi za moto zimeanza kumchoma nyayoni usiku, na Mama Miwani amesema wakati mwingine mishipa ikiamka huamka na hasira. Anakula vizuri, maharage na mboga zake, na hataki bado vitu vyenye mama, na hakuna anayemlazimisha. Sindano inatosha. Makopo nimetuma mapya, ila safari hii nimeyapeleka kwa jina lake mwenyewe, yafunguliwe na mkono wake. Usikasirike.

Linalomla roho si mguu, ni cherehani. Anaogopa pedeli. Akikanyaga hajui kama amekanyaga, akitaka kuisimamisha sindano inaendelea, ameharibu gauni la mteja. Sasa wanakuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Wanasema, "Utapona tu, mama," huku wanakunja kitambaa. Ameniambia, "Mimi bila cherehani ni mdomo wa kulisha tu." Anakutaja kwa nadra. Akikutaja anasema "yule mwoka mikate."

Mimi niko mbali, mjomba. Sijui nikuambie ufanye nini.

Mpwa wako.


Tarehe 19 Novemba

Kwako mpwa wangu,

Nakusalimu, na nakuuliza hali kwa kweli, si kwa mazoea: u mzima? Wamekupa hata siku moja ya kupumzika?

Ningekwambia mama yako anakimbia. Hakimbii. Anatembea na fimbo, anatazama chini kila hatua, maana macho ndiyo yanaiambia miguu ilipo. Giza likiingia hatoki. Mguu wa kulia umeanza kusikia baridi ya sakafu. Alipousikia mara ya kwanza alisimama pale pale jikoni muda mrefu, hataki kuvaa kandambili. Wa kushoto, vidole bado ni vya mtu mwingine. Daktari anasema tungoje mwaka, haahidi kitu.

Makopo yako yamefika. Kayafungua mwenyewe. Mimi hata kijiko sipewi.

Habari ya cherehani. Nilileta fundi wa mota ya umeme, akaitazama akasema kwa mashine kongwe namna hii ni sawa na kumvisha bibi kizee viatu vya mpira. Basi siku moja nimemaliza mikate yangu, nikaenda kwake, sikubisha hodi mara mbili. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mikono juu ya kitambaa, hashoni. Mteja wa mwisho alikuwa amempa sketi. Nikavuta kigoda, nikakaa ubavuni, nikaingiza miguu yangu chini kwenye pedeli. Akanitazama. Nikadhani atanifukuza. Alinyoosha kitambaa, akasema, "Nenda."

Nikaenda. Mbio kama mwizi! Uzi ukakatika. Akatunga upya bila kunitazama. "Nenda." Nikaenda. "Simama." Nikachelewa. Akafumua mshono wote kwa wembe, polepole, nami nimekaa kama mwanafunzi. "Nenda."

Tangu hapo ndiyo kazi yangu ya alasiri. Naoka alfajiri, nalala kidogo, nakuja kuwa miguu. Tumebanana kama abiria, goti langu kwenye goti lake, na tulichokuwa tunaambiana wiki hizo zote ni maneno mawili tu, nenda na simama. Nikijaribu kuingiza hadithi, anasema simama, na sijui anaiambia pedeli au ananiambia mimi. Ile sketi ilitoka. Ilikuwa na pindo limepinda kidogo upande, mwenyewe hakuliona, dada aliliona. Aliyefuata akaleta gauni la binti yake. Juzi wameleta mapazia.

Jana tulikuwa kwenye mapazia hayo, mshono mrefu ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, na mimi nikasinzia, mguu ukazidi kwa uzito. Akanipiga kiwiko cha mbavu. "Mguu gani huu, mzito kama gunia lililolowa? Ungekuwa wa kuazima ningeurudisha kwa mwenyewe!" Nilifurahi, Kiroboto, mpaka nikakanyaga pasipotakiwa. Tukafumua yote, tukaanza tena.

Mjomba wako.